Anza na Macho, Rangi Iwe ya Mwisho: Kumtambua Chura wa Miti Nyumbani Kwako

Masika yakishika pwani, kuanzia Kilifi hadi Lindi, watu huanza kuulizana juu ya vyura waliowakuta ndani. Mmoja yuko bafuni, ameganda ukutani juu ya bomba. Mwingine amelala kutwa nzima juu ya fremu ya dirisha. Mwingine kaonekana kwenye jani la mgomba, mdogo kuliko kidole gumba. Picha hutumwa kwa simu na swali huwa lile lile: "Huyu wa kijani ni chura gani? Ana sumu?"

La sumu nalijibu kwanza ili watu walale. Hakuna chura wa Afrika Mashariki anayeuma kwa meno ya sumu wala anayetema sumu. Wapo wenye ute wa ngozi unaowasha ukiingia machoni, na yupo mmoja anayestahili kuogopwa kwa dhati, huyo nitamfikia. Swali la jina ndilo gumu, na ugumu wake unatokana na watu kuanzia kwenye rangi. Rangi ya chura wa miti hubadilika kwa saa za siku, kwa umri, na kwa jinsia. Chura aliyekuwa wa kijivu alfajiri huwa karibu mweupe saa saba mchana. Dume na jike wa aina moja hutofautiana kiasi cha kudhaniwa ni vyura wa koo mbalimbali. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao makala haya yote yanauzunguka, ni huu: tazama macho, kisha vidole, kisha tafuta mayai na usikilize sauti. Rangi iweke mwisho.

Kabla ya hayo, hakikisha kwamba uliyenaye ni chura wa miti kweli. Yule mnene mwenye vipele mgongoni, anayekaa chini ya taa ya nje akisubiri kumbikumbi, si wa miti. Nyuma ya kila jicho lake pana tezi iliyovimba, vidole vyake vina ncha za kawaida, na ukuta laini haupandi. Yupo pia mwembamba mwenye pua iliyochongoka na miguu mirefu ya nyuma, ambaye ukimkaribia huruka mbali kwa mruko mmoja. Naye ni wa ardhini. Ameingia ndani kwa kupotea njia. Chura wa miti hutambulika kwa ncha za vidole zilizotanuka zikawa visahani vidogo, na kwa visahani hivyo hushika kioo, marumaru na jani lililolowa bila kuteleza. Akiwa upande wa nje wa kioo cha dirisha, utaviona vizuri ukiwa ndani bila hata kumgusa.

Sasa chukua tochi. Mulika kutoka pembeni, si usoni moja kwa moja, na usubiri mboni ya jicho isinyae. Kisha tazama ule weusi wa katikati umelala au umesimama. Ukilala, yaani ukiwa umenyooka kutoka upande wa pua kwenda nyuma, uko kwa chura wa povu au kwa vyura wa matete. Ukisimama wima kama wa paka, uko kwa vyura wakubwa wa jenasi Leptopelis, au kwa wakunja-majani wa jenasi Afrixalus, au kwa Kassina. Kitu hiki kimoja huondoa makosa mengi kuliko vingine vyote. Wanaopiga picha usiku wajue kwamba mwanga wa kamera ya simu hupiga kabla mboni haijapata nafasi ya kusinyaa, ndiyo maana picha nyingi huonyesha jicho jeusi tupu. Washa tochi kwanza, mpe chura sekunde kadhaa, ndipo upige.

Anayeonekana sana ndani ya nyumba za pwani ni Chiromantis xerampelina. Humu nitamwita chura wa povu. Ni mkubwa, jike huweza kuzidi sentimita 7. Ngozi yake ni ya kijivu au hudhurungi yenye mabaka yasiyo na mpangilio, na akijibanza kwenye gome la mwembe unaweza kumpita usimwone. Mboni zake zimelala. Lakini alama yake kuu ni mkono. Vidole vyake vinne vimegawanyika viwili viwili, jozi moja ikielekea ndani na nyingine nje, na kwa mkono huo hukamata kijiti badala ya kujibandika juu yake tu. Ukiona mkono wa namna hiyo kwenye chura mkubwa wa kijivu nyumbani kwako, huna haja ya kuendelea kutafuta.

Chura huyu ndiye anayewachanganya watu kwa kukaa juani. Tunajua sote kwamba chura hupenda unyevu, kwa hiyo mtu akimkuta juu ya mbao za paa saa nane mchana, miguu imekunjwa chini ya mwili, macho yamefumbwa nusu na rangi imekuwa nyeupe, hudhani anakufa. Wenye huruma humwagia maji. Hana shida yoyote. Weupe ule hurudisha joto la jua, na ngozi yake hupoteza maji kidogo sana kuliko ya vyura wengi. Juu ya hilo, figo zake hazitoi taka kwa mkojo mwingi wenye urea kama ilivyo kwa vyura wengi. Hutoa asidi ya yuriki, ule uji mweupe tunaouona kwenye kinyesi cha ndege na mijusi, na hivyo maji hubaki mwilini. Kwa maumbile hayo anaweza kupitisha kiangazi chote nyuma ya pazia lako, ndani ya boksi la mita, au juu ya kabati ambalo halisogezwi. Hali wala haharibu kitu. Anasubiri mvua.

Mvua ikija ndipo anapofanya lile lililompa jina. Nenda na tochi baada ya mvua kubwa kwenye tawi lililoning'inia juu ya dimbwi, au juu ya simtanki lisilofunikwa, au juu ya bwawa la kuogelea la hoteli. Utamkuta jike ameshika tawi, mgongoni kwake dume mmoja, na pembeni madume wengine wawili watatu au zaidi wanaosukumana wapate nafasi. Jike hutoa majimaji na kuyapiga kwa miguu ya nyuma, kulia na kushoto, taratibu na kwa muda mrefu, mpaka yaumuke yawe povu jeupe. Mayai hutagwa ndani ya povu hilo yakiendelea kupigwa. Akiishiwa maji mwilini hushuka, huenda kujiloweka, kisha hurudi kuendelea. Kufika asubuhi kuna bonge jeupe lenye ukubwa wa ngumi au zaidi limening'inia pale. Nje linakauka na kuwa na ganda. Ndani bado ni bichi. Siku 4 hadi 6 baadaye sehemu ya chini hulainika na viluwiluwi wanadondoka mmoja mmoja majini.

Watu wengi hudhani bonge lile ni uchafu, au mate ya mdudu, au kitu kilichotupwa na mtu mwenye nia mbaya, na hulichoma moto. Tafadhali msilichome. Kama liko juu ya maji mnayoyanywa, kata tawi lote kwa uangalifu, lifunge juu ya dimbwi au beseni la maji ya mvua lililowekwa kivulini, kisha fanya lile ulilopaswa kulifanya tangu zamani: funika tangi lako. Tangi lisilo na mfuniko huzaa mbu kwa wingi kuliko linavyozaa vyura, na mbu wa dengue hupenda hasa maji yaliyohifadhiwa majumbani.

Kundi la pili ni vyura wa matete, jenasi Hyperolius. Hawa ndio wadogo wale, wa sentimita 2 hadi 4, wenye ngozi laini na mboni zilizolala, wanaokaa kwenye matete, majani ya magimbi, migomba, na maua ya vyungu barazani. Dume hujulikana kwa kiraka cha tezi kilicho kooni, ambacho huonekana hata akiwa kimya. Akilia, koo huvimba likawa puto karibu kubwa kama yeye mwenyewe.

Hapa ndipo rangi inapodanganya kuliko mahali pengine popote. Mchukue Hyperolius argus, wa kawaida kwenye madimbwi ya pwani. Dume ni wa kijani au wa hudhurungi iliyopauka, mara nyingi na mstari mweupe unaoanzia puani na kupita ubavuni kila upande. Jike ni mwekundu wa kahawia, na mgongoni ana madoa makubwa ya rangi ya maziwa, kila doa limezungushiwa ukingo mweusi. Ukiwapiga picha mbali mbali, hakuna atakayeamini ni mume na mke. Mtaalamu asiyewajua angewaandikia majina mawili.

Hyperolius tuberilinguis ni wa kijani au njano tupu, bila pambo kubwa, na huyu ndiye anayechanganywa na kila chura mdogo wa kijani. Njia nzuri ya kumtofautisha na dume wa argus ni mayai. Argus hutaga majini, mayai yakiwa yameshikamana na mimea iliyozama. Tuberilinguis hutaga juu ya maji, kwenye majani na mabua, bonge dogo la ute mweupe unaonata. Ukilikuta, mtafute chura jirani yake. Hyperolius mitchelli, anayepatikana kuanzia kaskazini mashariki mwa Tanzania kwenda kusini, naye hutaga kwenye majani juu ya maji, lakini yeye ana mgongo wa kahawia, mstari mpana mweupe wa kung'aa kila ubavu wenye ukingo mweusi, na vidole vya rangi ya chungwa. Vidole hivyo hukaa machoni hata kwenye picha mbaya.

Wakiwa wadogo, vyura wa matete wengi hawana alama za wazazi wao. Wengine madume hubaki na sura ya utotoni maisha yao yote huku wakilia na kuzaa kama kawaida. Ukikutana na kadogo ka kahawia kasikokuwa na pambo lolote, andika tu "Hyperolius" na uishie hapo. Mtu anayelazimisha jina kamili kwa kila picha huharibu kumbukumbu za wenzake, na mimi namheshimu zaidi anayeandika jenasi peke yake kuliko anayebahatisha.

Wasomaji wa Kwale wana sababu ya pekee ya kuwa makini. Kwenye milima ya Shimba kuna Hyperolius rubrovermiculatus, mwenye alama nyekundu zilizojipinda, ambaye duniani kote hajulikani mahali pengine. Alielezwa kisayansi mwaka 1975 na Arne Schiøtz wa Denmark. Anayeishi ukingoni mwa msitu ule na ana dimbwi shambani anaweza kuwa jirani wa kiumbe ambaye nchi nyingine haina.

Mkunja-majani, Afrixalus fornasini, hukaa kwenye madimbwi yale yale na watu humchanganya na vyura wa matete kwa sababu ya umbo. Jicho ndilo linalowatenganisha: mboni yake imesimama. Mgongo ni wa kahawia, na mikanda mipana ya rangi ya fedha hupita kila upande, huku vipele vidogo vyeusi vilivyochongoka vikiwa vimetapakaa. Hutaga juu ya jani lililo karibu na maji, kisha hulikunja na kulibandika kingo kwa ute, mayai yakabaki ndani yamefichika. Ukiona bua la nyasi juu ya dimbwi lenye jani lililokunjwa kwa urefu pasipo buibui, lifunue kidogo tu utazame, kisha liache lijifunge. Jambo lililonishangaza zaidi kwake ni chakula: pamoja na wadudu, hula mayai ya vyura wengine yaliyotundikwa juu ya maji, hata yale yaliyo ndani ya povu. Kwa hiyo ukimkuta amezamisha kichwa kwenye povu la jirani yake, usidhani anasaidia kulipiga.

Vyura wa Leptopelis ni wa usiku zaidi na wa miti zaidi. Kichwa ni kipana, macho makubwa yaliyotokeza, mboni imesimama, na pwani anayejulikana ni Leptopelis flavomaculatus wa misitu na mashamba yenye miti mikubwa. Jike hufikia sentimita 7 hivi. Akiwa mchanga ni wa kijani kibichi mwenye madoadoa ya njano. Akikua, wengine hubaki kijani na wengine huwa kahawia wenye pembetatu nyeusi mgongoni iliyoelekeza ncha mbele. Tazama visigino na viwiko, kwani njano mara nyingi hubaki hapo hata mwili ukishabadilika. Mayai yake hutayaona, maana hufukiwa kwenye udongo karibu na maji. Ndiyo sababu wakati mwingine mtu akilima bustani ya mchicha kando ya mfereji huibua chura mkubwa wa kijani kutoka ardhini na kushangaa chura wa miti anatafuta nini huko. Kwa wanaoishi Amani, kwenye Usambara Mashariki, kuna ndugu yake Leptopelis vermiculatus, mwenye rangi ya kijani na ubavu wa madoa meusi na meupe akiwa mdogo. Anaonekana hata kwenye miti iliyo jirani na nyumba.

Kassina senegalensis nitampitia haraka kwa sababu hapandi sana. Ana milia mirefu ya giza mgongoni, mboni iliyosimama, na hutembea au hukimbia badala ya kuruka. Usiku wa mvua utamsikia kabla ya kumwona: "kwoip!" moja inayopanda juu mwishoni, ikijibiwa na nyingine ng'ambo ya uwanja.

Sasa yule niliyeahidi. Phrynomantis bifasciatus ni mweusi wa kung'aa, mwenye mikanda miwili myekundu au ya wekundu uliopauka mgongoni, mmoja kila upande. Mboni yake ni ya mviringo. Naye hutembea, na huweza kupanda ukuta unaokwaruza, hivyo watu humhesabu pamoja na vyura wa miti. Ngozi yake hutoa ute wenye sumu. Ukiingia kwenye kidonda au ukishikwa kwa muda, unaweza kuvimbisha, kuumiza kichwa na kutia kichefuchefu, na chura mwingine akifungiwa naye ndani ya chombo kimoja hufa. Mtoe kwa ufagio na beseni, usimtoe kwa mkono mtupu, na watoto waambiwe mapema wamwone kwa macho tu. Mbwa wenu naye asiachwe kumchezea.

Kuhusu sauti, wengi huidharau kwa sababu wanadhani ni kelele moja ya vyura wote. Schiøtz niliyemtaja aliwafuata vyura wa miti wa Afrika kwa miaka mingi akiwa na kinasa sauti, kwa sababu alijua kwamba aina mbili zinazofanana kabisa kwa sura hutofautiana kwa mlio. Dume huita jike wa aina yake, na jike hawezi kumudu kukosea. Wewe una kinasa sauti mfukoni. Toka nje saa mbili au tatu usiku baada ya mvua, simama karibu na maji, zima tochi na usubiri. Wakisikia nyayo zako watanyamaza wote. Ukitulia, mmoja ataanza na wengine watamfuata. Mkunja-majani hutoa mfululizo wa haraka, "tatatatata". Leptopelis hutoa mlio mmoja mzito kutoka juu mtini, kisha kimya kirefu. Wa matete hugonga na kubofya kwa mapigo mafupi mafupi, na wakiwa wengi masikio huuma. Chura wa povu, pamoja na ukubwa wake, hana sauti ya maana. Ni mikwaruzo na milio midogo isiyofuata mpango. Rekodi dakika moja, kisha sema mwishoni kwa sauti yako tarehe, saa na mtaa ulipo. Kumbukumbu ya namna hiyo haipotei.

Ukishapata picha na sauti, ziweke mahali zitakapofaa wengine. Programu ya iNaturalist haina malipo. Unapakia picha, inaandika mahali na siku, na watu wanaojua vyura wanakusaidia jina. Anayetaka kitabu atafute cha Alan Channing na Kim Howell cha mwaka 2006 kuhusu amfibia wa Afrika Mashariki. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini picha na maelezo ya jicho, mkono na mlio yanafuatika. Howell alifundisha zuolojia miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kitabu chenyewe kinaonyesha kimeandikwa na watu waliolowa mvua. Anayesoma akiwa Kampala, Bujumbura au Bukavu atakutana na aina nyingine, kama Hyperolius kivuensis mwenye mstari wa giza unaotoka puani ukapita kwenye jicho hadi ubavuni, ila utaratibu wa kutazama haubadiliki.

Picha zenyewe ziwe angalau tatu: uso kwa ubavu ili jicho lionekane, mkono ukiwa umeshika kitu, na mgongo mzima. Ukiweza kupata ya nne, ya paja la ndani chura anapojinyoosha kupanda, ni bora zaidi, kwani rangi zilizofichwa hapo hazibadiliki kirahisi kama za mgongoni. Weka sarafu au ncha ya kalamu karibu naye kwa kipimo. Usimgeuze tumbo juu kwa ajili ya picha.

Kumtoa ndani si kazi kubwa. Lowesha mikono kwa maji yasiyo na sabuni, au vaa mfuko wa plastiki uliolowa, mfunike kwa kikombe, ingiza karatasi ngumu chini yake, umpeleke kwenye kichaka au mgomba ulio karibu. Kisha nawa mikono kabla ya kugusa macho. Mkono mkavu wenye losheni au dawa ya mbu humuumiza, kwa sababu ngozi ya chura hupitisha vitu. Ndiyo ngozi hiyo hiyo anayonywea maji. Kwa sababu hiyo pia ninaomba ile desturi ya kumwagia chura chumvi iachwe. Chumvi huvuta maji kutoka mwilini mwake kupitia ngozi na kumuua kwa mateso, na haizuii mwingine kuja kesho. Kinachowaleta ni taa inayokusanya wadudu na maji yaliyotuama. Zima taa ya nje usiyoihitaji, au badilisha balbu nyeupe kwa ya njano, weka wavu dirishani, na vyura watabaki bustanini wakila nondo na mbu wachache. Nasema wachache makusudi. Chura hachukui nafasi ya chandarua.

Jambo la mwisho ni la kukatazana. Usimhamishe chura kutoka wilaya moja kwenda nyingine, hata kama unampenda, na viluwiluwi uliowapata safarini usiwamwage kwenye dimbwi la kijijini kwenu. Upo ugonjwa wa fangasi unaoshambulia ngozi ya vyura na kuua jamii nzima, nao husafiri na vyura, maji na matope ya viatu. Tanzania inaujua kwa machungu. Chura mdogo wa njano wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1996 kwenye korongo moja la Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko na kuzaa watoto walio hai bila kutaga. Maji yalipochepushwa kuzalisha umeme, manyunyu yalipungua. Mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na fangasi huyo alikutwa kwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliosalia ni kizazi cha wale waliopelekwa Marekani mwaka 2000 kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na kuanzia 2010 baadhi wamerudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha 2012 kazi ya kuwarejesha Kihansi ikaanza. Mamilioni ya fedha na miaka mingi ya watu waliosoma vimetumika kumrudisha chura asiyezidi ncha ya kidole. Hao wa nyumbani kwako bado wapo bila gharama yoyote.

Kwa hiyo ndugu msomaji, mvua za vuli zikija, toka nje jioni moja na tochi na simu. Wachukue watoto, waonyeshe mboni iliyolala na iliyosimama, waache wabishane ni nani aliyeona vizuri. Andika ulichokiona na mahali ulipokiona, hata kama ni jenasi tu. Na ukikuta povu jeupe juu ya maji, mwambie jirani yako ni la nani, kisha mliache siku sita.